Hamira Isiyotoa Povu

Kila akitoka shule, Mbio alikuwa na ratiba isiyobadilika: kutupa mkoba kitandani, kuvua sare, kula akiwa amesimama, kisha kutimkia uani ambako wenzake waliruka kamba. Jina hilo alipewa na Babu, aliyesema kwamba mjukuu wake huyo hata mswaki hupiga akitembea. Jina likamganda, na mwenyewe akajivunia.

Ijumaa hiyo Shangazi alimdaka mlangoni.

"Leo hakuna kamba. Kesho asubuhi matroni wa bweni la chuo cha uuguzi anakuja kuonja skonzi zangu za mdalasini. Akizipenda, nitakuwa nawapikia wanafunzi wake kifungua kinywa."

Mbio alijua uzito wa maneno hayo. Tangu kiwanda cha mikate alichofanyia kazi Shangazi kifungwe, mama huyo alikuwa akiwashonea watu zipu na vifungo, na kila siku alijikaza kucheka ili Babu asimwone ana wasiwasi. Kazi ya bwenini ingeirudisha amani nyumbani.

"Skonzi tunaziandaa leo," Shangazi aliendelea. "Zitalala kwenye jokofu, ziumuke taratibu, na asubuhi kazi iwe kuoka tu. Mimi napeleka gauni la mteja, sikawii. Maziwa hayo yametoka kuchemka sasa hivi. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, maana ya moto huua hamira, ndipo utie sukari na hamira. Subiri itoe povu. Bila povu usiguse unga. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

Mlango ulipofungwa tu, sauti za wenzake zikaingia dirishani wakihesabu miruko. Mbio aliyatazama maziwa. Yalikuwa bado yanafuka moshi. Akayakoroga, akayapuliza, akaona yanamchelewesha. Basi akamimina hamira yote humo humo na kusubiri kidogo. Povu halikutoka. "Litatokea mbele ya safari," alijisemea, akatia unga, akakanda haraka haraka, akafunika bakuli kwa kitambaa, huyoo, uani.

Shangazi aliporudi alimwita. "Povu lilitoka?"

"Lilitoka."

Neno lilimponyoka kabla hajafikiri. Baada ya hapo hakuona njia ya kulirudisha.

Saa moja ilipita, unga ukabaki vilevile. Shangazi alikuwa kwenye cherehani akimalizia pindo, akamwambia aendelee kama alivyomfundisha. Mbio akausukuma, akapaka siagi, akanyunyiza sukari na mdalasini, akauviringisha, akaukata vipande kwa uzi. Babu alipita jikoni, akabonyeza kipande kimoja kwa kidole.

"Mjukuu wangu, mbona unga mgumu hivi? Tunapika skonzi au tunafyatua matofali?"

"Baba naye kwa utani!" Shangazi alicheka kutoka chumba cha pili.

Mbio aliifunika trei upesi, akaisukumia ndani ya jokofu.

Wakati wa chakula cha jioni, Shangazi alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Alikuwa tayari amepiga pasi nguo ya kesho. "Nitamwambia matroni kwamba huyu ndiye msaidizi wangu," alisema, akimpigapiga Mbio mgongoni. Mbio aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Angeweza kunyamaza. Asubuhi angesema hamira ilikuwa mbovu, lawama zingemwendea muuza duka, na hakuna ambaye angejua. Alifungua jokofu akijifanya anatafuta maji, akainua kitambaa. Vipande vilikuwa vimekaa vile vile alivyoviweka, vigumu, havijaumuka hata kidogo. Kwenye sinki Shangazi aliosha vyombo huku akiimba. Mbio akaona hawezi tena.

"Shangazi, nilikudanganya. Povu halikutoka. Niliweka hamira maziwa yakiwa ya moto."

Wimbo ukakatika. Shangazi alifuta mikono, akafungua jokofu, akabonyeza kipande kimoja, kisha kingine.

"Hamira imebaki?"

"Niliimaliza."

"Duka la kona halijafungwa. Kimbia! Leo hizo mbio zako zimepata kazi."

Mbio alimkuta muuza duka ameshateremsha mlango nusu.

"Tumefunga!"

"Mjomba, nakuomba, hamira tu!"

"Hamira saa hizi? Kwenu kuna harusi?" Alinung'unika, lakini aliinama akarudi ndani, akatoka na pakiti.

Nyumbani maziwa yaliyobaki yalikuwa ya chai ya Babu. Babu akakohoa. "Chukueni. Lakini mjue mmeniangusha."

Safari hii Mbio alidondosha tone la maziwa kwenye kifundo cha mkono, akasubiri, akadondosha tena, mpaka joto likawa la kuvumilika kabisa. Akatia sukari na hamira, akasimama palepale bila kubanduka. Viputo vidogo vikaanza kujitokeza pembeni, kisha povu zito likafunika bakuli zima. Nusura apige kelele.

Asubuhi skonzi zilikuwa zimevimba mpaka zinagusana. Matroni alifika zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye oveni. Alikuwa mwanamke mwembamba, si msemaji. Alitafuna polepole huku wote wakimtazama mdomoni.

"Kwa ladha sina neno," alisema mwishowe. "Lakini wanafunzi wangu hawawezi kuingia wodini na njaa. Siku unga ukiharibika, watakula nini?"

Shangazi alimtupia Mbio jicho. Mbio akainamisha kichwa.

"Uliharibika jana," Shangazi alijibu. "Tuligundua jioni ileile, tukautupa, tukaanza upya. Hizi unazokula ni za pili."

Matroni alimkazia macho, kisha akachukua skonzi nyingine. "Uanze Jumatatu."

Alipoondoka, Mbio alijisogeza karibu. "Shangazi, mbona umesema tuligundua?"

"Kwa sababu uliniambia." Shangazi akamkalisha kwenye kiti. "Sikiliza, mwanangu. Kuunguza hamira hata mimi nimewahi, tena mbele ya bosi. Hilo halikuniumiza. Kilichoniuma ni wewe kunitazama usoni ukasema povu lilitoka. Na ungenyamaza mpaka asubuhi hii, ungeniambia ukweli uleule, lakini matroni angekuwa mlangoni na sisi hatuna cha kumpa. Ukikosea, sema wakati bado tunaweza kurekebisha."

"Nisamehe, Shangazi."

"Wewe nimeshakusamehe. Zile trei kwenye sinki ndizo bado."

Mbio alicheka huku machozi yakimlengalenga, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuzisugua moja baada ya nyingine, bila haraka.