Kichaka Kilichobaki Kilimani

Duka la vifaa lilijaa mafundi, kila mmoja akipaza sauti ahudumiwe kwanza. Katikati ya vurugu hiyo kaka mmoja mrefu, shati limenyooka kwa pasi, alikuwa akichagua mwiko mdogo kuliko yote.

"Unajenga nyumba ya panya?"

Aligeuka. Aliyeuliza alikuwa dada wa ovaroli la kijani na kitambaa cha manjano kichwani, msumeno wa mashine umetulia begani kama mkoba wa kwendea harusini.

"Mimi nachunguza vitu vya kale," kaka akasema. "Kile kilima cha serikali hakifyekwi mpaka nikikague, nijue watu wa zamani waliacha nini."

Dada akacheka mpaka muuzaji akanyamaza. "Kumbe ni wewe unayenichelewesha! Mfyekaji ni mimi. Pori lile likishika moto kiangazi, nyumba zote za chini zimekwisha."

Wakapeana namba, kikazi tu. Kikazi gani, wakati simu ililia jioni ileile, na kesho yake tena? Dada akamwita Bwana Mwiko. Naye akajibu kwa Mama Msumeno, baadaye mpenzi, baadaye roho yangu. Walipendana hasa, na hawakujua hata kuficha.

Kilichowakosanisha ni utepe. Upande wa kilima unaotazama mji, kaka alizungushia utepe pori moja zito, akasema lisiguswe.

"Kuna nini humo?"

"Siruhusiwi kusema. Wezi wa vitu vya kale ni wengi."

"Na mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo, mpenzi."

"Hujasema chochote. Ndiyo shida yako."

Dada alifyeka kilima chote, akaliruka pori lile kama alivyoagizwa, kisha akaacha kupokea simu zake. Mimi namtetea. Umwite mtu roho yako halafu umfungie mdomo, akufanyie nini?

Kaka akashuka mjini kama mgonjwa. Kwenye kituo cha basi akainua macho. Kilima kizima kilikuwa kimenyolewa, kikabaki kichaka kimoja tu katikati, kama kishungi kwenye kichwa cha mtoto. Hapo kituoni wanaume wawili walikuwa wakikinyooshea kidole.

"Pale wameficha kitu," mmoja akasema. "Kesho twende na majembe."

Siri aliyomnyima mpenzi wake alikuwa ameitangazia mji mzima.

Alimpigia mkuu wake, akaomba ruhusa, akapewa. Kisha akakimbia hadi chini ya kilima, ambako dada na kikosi chake walikuwa wakipakia vifaa kwenye lori.

"Ni matanuri ya kuyeyushia chuma," akasema akihema. "Ya kale sana. Yamebaki misingi tu, usawa wa ardhi. Na sasa kichaka kinawaonyesha wezi njia. Nilikosea, roho yangu. Ningekuambia, ungeliona hili mapema."

"Ningeliona siku ileile!" Macho yake yalikuwa yamelowa. Akawageukia watu wake. "Shusheni mapanga. Mashine ziacheni. Hakuna kung'oa hata mzizi mmoja."

Walifyeka kwa mkono, wakinyata kama wezi wenyewe. Kaka akapita nyuma yao, akafunika misingi kwa udongo. Giza lilipoingia, kilima kilikuwa kimenyolewa sawasawa juu hadi chini.

Kesho yake wale wawili walikuja na majembe. Wakazunguka, wakarudi, wakaanza kugombana. Chini, kikosi kiliwatazama kutoka kwenye lori, mbavu zikiwauma kwa kicheko.

"Una siri nyingine?" dada akauliza.

"Ninayo. Hata mama hajaijua." Kaka akamnong'oneza. "Nataka kukuoa."

"Sijasikia."

"Nataka kukuoa!"

"Hii itangaze, mpenzi. Hii mji mzima uijue."

Kaka akapanda juu ya lori, akaisema kwa sauti iliyowafanya hata wale wa majembe wageuke. Kikosi kikalipuka kwa vigelegele na miluzi.

"Shuka basi," dada akasema, akimnyooshea mikono. "Nimekubali tangu jana."