Maji ya Saipresi

Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, pipa lililo chini ya bomba la tanuri lilikuwa na lita mia moja na tisini za maji. Ubao wa sampuli, ule tunaoupima kujua mbao zimekauka kiasi gani, ulikuwa haujapungua hata gramu moja.

Niliupima mara tatu.

Kazi yangu ilikuwa kukausha mbao katika kiwanda kidogo pembeni mwa mji wa Kakamega. Tanuri letu halikuwa na moto. Lilikuwa chumba kilichozibwa kila upenyo, chenye mashine ya kunyonya unyevu hewani na kuugeuza maji, nayo maji yakitoka nje kwa bomba. Wafanyakazi waliliita friji. Kanuni yake ni moja: maji yakitoka, mbao zinakuwa nyepesi.

"Bwana Erastus," alisema Masinde wa msumeno, akivaa koti aende nyumbani, "hii friji yako inakojoa kuliko ng'ombe wa gredi. Unakausha mbao ama unakausha mto Isiukhu?"

Sikucheka. Mtoto wangu wa kwanza, msichana wa siku kumi na moja, alikuwa hospitalini. Hakuhara, hakutapika, alinyonya, lakini alikuwa anakauka. Ngozi ya tumbo ukiivuta haikurudi. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Asubuhi ile alikuwa na mbili na nusu. Na alilia, mchana na usiku, bila machozi. Alianza Ijumaa, siku niliyowasha tanuri. Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili.

Mbao zilikuwa za baba mkwe, Mzee Andati wa Musanda. Miaka ile miwa ilikuwa inalipa, na kila mwenye shamba alitaka nyumba ya mabati yenye dari. Andati alitaka dari yake kabla ya Pasaka. Alileta magogo ya saipresi mwenyewe, kwa trekta la miwa. Kwenye gogo moja, mahali palipoanzia tawi, Masinde alikuta kipande cha kamba ya katani.

"Mkwe wako alifunga ng'ombe hapa," alisema.

Kisha akapima kwa hatua kutoka shina.

"Ng'ombe gani anafungwa juu hivi?"

Tulikata kamba, tukapasua gogo.

Jioni ile, Masinde alipoondoka, nilichovya kidole kwenye pipa na kuonja. Maji ya saipresi hunukia utomvu na hayana ladha.

Haya yalikuwa na chumvi.

Ndipo niliposikia sauti, upande wa pili wa rundo la mbao.

"Mkwe."

Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya kukwaruza... Kati ya mbao niliona pindo la leso na vidole vya miguu, vimelowa. Nikageuka upesi na kutazama ukuta. Kwetu mwanamume hamwangalii mama mkwe usoni. Hamkaribii, hampi mkono. Mama yake mke wangu Edah, Jael, alikuwa amekuja mjini kumsaidia bintiye. Niliona ni kawaida aje, na ni kawaida asimame mbali.

"Mulembe, mama," nilisalimia ukuta.

"Mtoto analia."

"Najua, mama. Daktari anasema..."

"Analilia jina. Mmemtajia yapi?"

Hilo nalo ni la kwetu. Mtoto asiyenyamaza hutajiwa majina ya waliokufa, moja moja, mpaka aliyemjia atajwe. Likitajwa lake, ananyamaza.

"Zilpah, wa kwetu. Risper. Beldina. Amekataa yote."

"Hamjataja lake."

"Lake lipi, mama?"

Feni za tanuri zilikuwa zinavuma. Bomba lilikuwa linadondoka...

Tone.

Tone.

Likaacha.

"Awinja," ilisema sauti. "Nenda ukamtajie. Masikioni."

Nilimshukuru nikiwa nimempa mgongo. Nilihesabu hadi ishirini ili apate nafasi ya kuondoka bila aibu, kisha nikageuka. Hakuwapo. Nyuma ya rundo, unga wa mbao ulikuwa umejaa sakafuni, laini, kama ulivyoachwa na msumeno. Ulikuwa na alama mbili za maji. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Nilikuwa na haraka. Sikufikiri.

Kutoka kiwandani hadi hospitali ni mwendo wa robo saa. Kilio nilikisikia tangu langoni. Muuguzi alinijua, akaniruhusu. Nilipofika kitandani niliinama, nikasema sikioni mwa mtoto, "Awinja."

Alinyamaza. Akageuza kichwa, akatafuta ziwa la mamake, akanyonya. Kwenye kona ya jicho lake palikuwa na chozi.

Edah hakufurahi.

"Nani amekupa hilo jina?"

"Mama yako. Amenifuata kazini sasa hivi."

"Erastus. Mama hajatoka wodini tangu juzi."

Aliinua kidevu kuonyesha dirishani. Mwanamke alikuwa ameketi hapo, ametugeuzia mgongo, leso imefunika kichwa, kama ipasavyo mkwe anapoingia. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Awinja ni nani?" niliuliza.

Edah alijibu kwa kunong'ona. Ni mke mdogo wa babake, yule ambaye sisi wakwe tulimwita Mama wa Bukura, kwa kuwa alitoka huko. Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Si adabu mkwe kuuliza. Alikufa Januari, na tuliambiwa ni malaria.

"Alijinyonga," Edah alisema. "Hakuwa na mtoto. Baba alikuwa amemwambia arudi kwao."

Mti wa aliyejinyonga hung'olewa na kuchomwa wote, na jina lake halipewi mtoto. Wazee wa Musanda waliona matawi yakichomwa. Shina Andati alilificha chini ya majani ya miwa kwenye trekta, akatuletea.

Kesho yake mchungaji wetu, akilikataa jina la aliyejinyonga, alimwita mtoto Beldina. Alilia tena, na mchana wa siku hiyo, umeme ukiwa umekatika mji mzima, Masinde aliona bomba linatiririka. Tulirudia Awinja. Bomba lilikauka, na mbao pia: unyevu asilimia kumi na mbili. Jumamosi mimi na Masinde tulizichoma zote. Andati alikuja, akatazama majivu, akauliza, "Na dari yangu?"

Mtoto aliandikishwa Aprili kwa jina hilo. Amenenepa, halii ovyo.

Jumapili, tarehe 20 Januari 1980, saa kumi na mbili jioni, nilifungua mlango wa nyumbani nikitoka kukagua tanuri. Mtoto alikuwa amesimama, ameshika meza. Alisema neno lake la kwanza, akinitazama. Edah alikuwapo, naye alilisikia.

Alisema, "Mkwe."