Utando wa Kijani Bwawani

Jumamosi asubuhi, Kiende alikuwa akiosha magunia ya mbolea katika bwawa la kumwagilia migomba, kama walivyofanya majirani wote wa Mitunguu. Mdogo wake, Bundi, alikuwa akivua shati ili aogelee. Kesho yake, Kiende na wenzake sita wangebatizwa katika bwawa hilohilo. Alikuwa amengojea siku hiyo mwaka mzima.

Lakini maji yalifunikwa na utando mzito wa kijani, tena yalinuka.

"Mchungaji atakutoa humo umekuwa sukuma wiki!" Bundi akamtania, kisha akatumbukia.

Kufikia adhuhuri, Bundi alikuwa na vipele mwili mzima, na alikuwa akitapika.

"Mama akiuliza, sema ulikula maembe mabichi," Kiende alimnong'oneza, akihofia ubatizo ungeahirishwa.

Kisha akapiga magoti kuomba. Akilini aliwaona wenzake wakizamishwa majini, maji yakiwaingia vinywani. Akainuka, akamwendea mama yake na kumweleza yote.

Mama alimpeleka Bundi zahanati, akampigia simu Mchungaji Mbaabu. Jioni walikutana bwawani pamoja na Bi. Felicitas, afisa wa afya.

"Tutausukuma utando kando kwa majani ya migomba," mchungaji alisema.

"Utando utasogea, mchungaji, lakini sumu itabaki majini," Bi. Felicitas alijibu. "Huu ni mwani. Unalishwa na mbolea mnayoosha hapa na samadi inayosombwa na mvua. Mtu asioge humu, wala mifugo isinywe, hadi maji yapimwe."

"Mimi ndiye niliyeosha magunia," Kiende alisema, machozi yakimlengalenga.

"Sote tumeosha, mwanangu," mama alisema.

Ubatizo ukaahirishwa. Bundi alipona baada ya siku tatu. Jedidah, mmoja wa wale sita, alinuna wiki nzima. "Umetuharibia siku yetu!" alimwambia Kiende.

Wakulima walihamisha marundo ya samadi, wakapanda nyasi ukingoni, na magunia yakawa yanakung'utwa shambani yakiwa makavu. Baada ya miezi minne, Bi. Felicitas alipima maji tena na kuyaruhusu.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Mbaabu alisimama bwawani, maji yakimfika kiunoni.

"Watoto wangu," alisema, "nilikuwa karibu kuwaingiza katika sumu kwa mikono yangu mwenyewe. Mtu akiona hatari, aseme, hata kama kusema kutamkosesha anachokitamani. Kiende alisema. Njoo, binti yangu, uwe wa kwanza."

Jedidah akamshika mkono, akamsindikiza hadi ukingoni.