Hina Iliyokolea Kupita Kiasi

Kimenyi, mashine ndogo ya kumenya ngozi, kilitambaa juu ya mkono wa Zulekha kikimulika miale ya zambarau, na kila kilipopita kiliondoa utando wa ngozi mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Hapakuwa na damu wala maumivu. Vitundu vya ngozi vilifunguka, na matone ya vitamini, ambayo miaka yote watu walijipaka yakaishia kukauka juu juu, sasa yalizama moja kwa moja mwilini.

"Ngozi iko tayari kupokea," mashine ikasema kwa sauti tamu.

Mwanakheri, mhandisi aliyeibuni, alitabasamu. Jiji zima la Tanga lilipanga foleni kuingojea, lakini leo ameileta nyumbani kwa ajili ya mdogo wake, bibi harusi wa kesho. Kwa kawaida mwale wa pili huifunga ngozi papo hapo. Yeye, kwa mapenzi ya dada, aliiacha wazi hadi asubuhi ili inywe ishibe.

"Asipakwe dawa wala krimu," alimwagiza Bi Mwatime, somo wa bibi harusi, kungwi wa kumfunda na kumpamba.

"Krimu nitoe wapi mimi, mwanangu? Niachie mwari wangu."

Asubuhi Mwanakheri aliporudi alipokelewa kwa vigelegele.

"Njoo uone! Imekolea!"

Wanawake walikuwa wameinua mikono ya Zulekha. Tangu vidoleni hadi viwikoni ilijaa maua ya piko, ile rangi kali ya kupambia maharusi, meusi ti. Hina ikikolea hivyo, husemwa mume atampenda mke kupindukia, na Mwanakheri aliyajua hayo tangu utotoni. Katika majaribio yake alipima sabuni, mafuta, hata vumbi la barabarani. Pambo la harusi za kwao wenyewe halikumpitia akilini hata siku moja!

"Dada, mbona midomo inakufa ganzi?" Zulekha aliuliza. Uso ulikuwa umeanza kuvimba, na pumzi zilimtoka kwa shida.

Kipimo cha mashine kilionyesha sumu ya piko ikiingia kwenye damu, na nyingi zaidi ikisubiri ngozini. Kuifunga ngozi ni kuifungia sumu ndani. Gari la wagonjwa lilishaitwa, ila lisingewahi. Ilibaki njia moja tu, kumenya tena, kwa kina ambacho Mwanakheri aliapa hakitamgusa mtu aliye hai.

"Mshikeni," alisema. "Mshikeni sana."

Vigelegele vilikatika. Safari hii damu ilikuwepo, na mayowe yalisikika hadi mtaa wa pili. Maua yalitoka pamoja na ngozi, kidole baada ya kidole, huku Mwanakheri akilia na mkono wake ukiendelea na kazi. Mwishowe pumzi za Zulekha zilitulia. Angeishi, lakini mikono ile isingepakwa hina tena maishani.

Mashine ikasita, kisha ikasema kwa sauti ileile tamu, "Ngozi iko tayari kupokea."

Bi Mwatime, aliyekuwa amekipakata kichwa cha mwari wake, aliinua macho.

"Ipokee nini tena?"