Mvua Aliyoisifu Ambrosi

"Hebu rudia tena. Maji yanakuja yenyewe mpaka mlangoni?"

"Yenyewe, Dominika. Unatega chungu chini ya mchirizi, unaingia zako ndani kulala. Ukiamka kimejaa, kinamwagika."

Dominika alicheka mpaka akatua mtungi. Walikuwa katikati ya mteremko wa Newala, yeye na Ambrosi wake, wakitoka bondeni kwenye chemchemi. Huku juu hakuna kisima wala kijito, mchanga unakunywa kila kitu. Mwanamke anaamka na giza, anashuka, anajaza, anapanda, na jua limeshakuwa kali ndiyo kwanza anafika nyumbani na maji ya kupikia. Mama yake Dominika aliteleza papo hapo na mtungi kichwani, asiinuke tena. Ndiyo maana binti aliapa kuwa ataolewa na mtu wa kumtoa kwenye mteremko ule, basi.

Na mtu mwenyewe ndiye huyu. Wakati wa vita vya Maji Maji, Wajerumani walimkamata Masasi wakambebesha mizigo ya askari, na vita vilipokwisha wakampeleka Usambara, kwenye shamba la kahawa milimani. Dominika akamngoja. Silvano wa jirani alikuja kuposa, akakataliwa. Wajomba wakanuna. Yeye akangoja tu, mpaka mwaka huu Ambrosi akarudi kumwoa.

"Na inanyesha kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na watu wanaishi?"

"Raha mustarehe."

"Hawaugui?"

Ambrosi akageuza uso.

"Lete huo mtungi nikubebee."

"We! Mwanamume na mtungi kichwani? Watu watakucheka."

"Wacheke."

Akaubeba kweli, mpaka juu. Sasa mwanamke gani asingeyeyuka?

Juu njiani alikuwa amesimama Mama Yuliana. Binti yake Yuliana alikuwa shoga wa Dominika wa kufa na kuzikana, na ile njaa iliyofuata vita ndiyo iliyomwondoa. Alijiandikisha Masasi na kundi la vibarua wa kwenda huko huko Usambara.

"Shikamoo, mama," Ambrosi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, najua nakuchosha. Ile habari ya Yuliana, hebu nipe tena."

"Hajambo, mama. Kanenepa. Ana nyumba yake."

"Na maji?"

"Maji anayo mpaka anayamwaga."

"Mwanangu anamwaga maji!" Mama Yuliana alipiga makofi. "Mwambie siku akija asiniletee kitu. Aje tu niyaone hayo mashavu."

"Nitamwambia."

Nyie! Mwanamume huyu alisema "nitamwambia" bila hata kupepesa macho.

Posa ikapokewa, wajomba wakalegea. Ilikuwa wafunge ndoa kisha waondoke pamoja. Mvua za mwaka ule zilichelewa, watu wakawa wanatazama juu tu. Halafu mchana mmoja wingu likapasuka.

Lo, Newala yote ilitoka nje! Vyungu, mitungi, vinu, hata vifuu, kila chenye tumbo kilitegwa. Wanawake wakapiga vigelegele, nguo zimewaganda mwilini. Dominika alimtafuta Ambrosi wake wacheze pamoja. Akamkuta ndani kwa mjomba, amejikunyata jikoni, anasukuma kuni motoni.

"Ambrosi! Mvua! Toka tucheze!"

"Funga mlango."

"Una nini?"

"Funga mlango, Dominika, nakuomba!"

Akaufunga. Akamgusa shingo, akakuta hana homa, ila anatetemeka.

"Wewe mwenye kuishi kwenye mvua ndiye unayeikimbia mvua?"

"Ni hiyo sauti."

"Sauti gani?"

"Hiyo, juu ya paa. Kule hainyamazi. Unalala nayo, unaamka nayo. Ukifua nguo haikauki. Mtama unaota ghalani. Kuni zinatoa moshi tu, moto huuoni. Halafu kifua kinaanza, unadhani mzaha."

"Si ulisema watu wanaishi raha mustarehe?"

"Wenyeji wanaishi. Wanajua kujenga kwao, wanajua kula kwao, wakitoka shambani wanakaukia motoni. Sisi tulitiwa kwenye mabanda yanayovuja. Tunalala tumelowa, tunaamka tumelowa, tunakwenda kazini hivyo hivyo."

"Sisi kina nani?"

Ambrosi alitazama moto.

"Mimi na mke wangu."

Dominika akakaa chini, pu.

"Mke."

"Nilijua sitarudi tena huku. Nilikuwa peke yangu, naye peke yake. Mtu wa kwetu..."

"Mtu wa kwetu nani?"

Ambrosi akachokora majivu.

"Nani, Ambrosi?"

"Yuliana."

Huko nje sauti ya Mama Yuliana ilisikika ikiita kwa furaha: "Dominika! Lete vyungu! Leo na mimi namwaga maji kama mwanangu!"

Dominika aliongea taratibu, maana alianza kuelewa.

"Yuko wapi Yuliana?"

"Alikohoa masika yote. Tulipomchimbia kaburi likajaa maji. Tukayachota, likajaa tena. Nilichota kwa chungu chake cha kupikia, Dominika. Nachota, na mvua inajaza. Mwisho tukamlaza hivyo hivyo. Majini."

Dominika alilia. Alimlilia shoga yake kwanza, kisha akajililia mwenyewe.

"Na mimi ulikuwa unanipeleka huko huko."

"Msimamizi aliniruhusu nije kwa sharti nirudi na mke. Mwenye mke anapewa chumba chake, hafungiwi na wengine..."

"Kumbe unaoa chumba!"

"Nakutaka wewe! Nilikutaka tangu hatujaota ndevu wala matiti! Basi tusiende. Wakija kunitafuta nitaingia msituni. Nitakubebea maji mwenyewe, kila siku, wacheke wasicheke."

Na Dominika bado alimpenda, msidanganyike. Aliikumbuka ile njia, na yule mwanamume na mtungi kichwani. Angesema ndiyo, mambo yangeishia pale jikoni.

"Nijibu moja tu. Leo isingenyesha, ungeniambia?"

Ambrosi akasukuma kuni nyingine motoni.

"Basi," Dominika alisema. "Inuka. Ukamwambie mama yake."

"Dominika..."

"Inuka!"

Akamshika mkono, akamtoa nje kwenye mvua. Mama Yuliana alikuwa uani kwake katikati ya vyungu vyake, vyote vimejaa pomoni, anacheka peke yake.

"Ambrosi, mwanangu! Hii si kama ya kule?"

Ambrosi alipiga magoti kwenye tope, akasema yote. Mama wa watu hakupiga yowe. Alisimama tu, maji yanamtiririka usoni.

"Uliniambia kanenepa."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Na kila siku ukanenepesha maiti yangu."

Akainama, akapindua chungu cha kwanza. Maji yakamwagika, mchanga ukayanywa.

"Mama Yuliana! Maji hayo!" watu wakapiga kelele, maana Newala hayamwagwi, mtu akimwaga kata moja anasemwa mpaka basi.

Akapindua cha pili. Akapindua vyote. Vingine vikapasuka.

"Yamemtosha mwanangu," alisema. "Kwangu sitaki hata tone."

Ndipo akalia.

Wajomba walimfukuza Ambrosi jioni ile ile, mvua ingali inanyesha. Alishika njia ya Masasi amejifunika gunia. Aligeuka kumtazama Dominika. Dominika alimwona, akaingia ndani.

Kesho yake matanga yakajaa watu, na waombolezaji wanakunywa, wanapikiwa. Vyungu vya mwenye msiba havikuwa na kitu. Dominika akachukua ngata na mtungi, akashuka mteremko ulioloa, akishika mizizi asije akaenda kama mama yake. Alipofika pale Ambrosi alipompokea mtungi alilia kwa sauti, hakukuwa na mtu wa kumsikia. Kisha akateka, akapanda.

Mama Yuliana alimtazama akiweka mtungi chini, jasho linamtoka.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama."

"Afadhali uchoke," Mama Yuliana alisema. "Uchoke hivyo hivyo, nikuone."