Udongo wa Sanduku la Saba

Udongo uliingia kwenye oveni Jumatatu saa nne asubuhi ukiwa na gramu mia tatu na kumi na mbili. Ulitoka Jumanne saa nne asubuhi ukiwa na gramu mia tatu na kumi na mbili. Edinah Musimbi aliutazama mzani, akautazama udongo, akarudi kwenye mzani. Mchana kutwa na usiku kucha kwenye digrii mia moja na tano, hata nyama ya fahali ingekauka kama ukuni. Huu ulikuwa bado unameta maji, na alipouminya ulimwachia tope vidoleni.

Akauhamishia oveni ya pili. Jumatano ukatoka vilevile.

Kazi yenyewe haina makuu. Unapima udongo ukiwa mbichi, unaukausha, unaupima tena, na tofauti ndiyo maji yaliyokuwamo. Edinah alikuwa ameifanya miaka tisa katika maabara ndogo ya udongo na saruji pale Eldoret, upande wa barabara ya kwenda Plateau, na udongo haukuwahi kumdanganya. Watu ndio hudanganya. Naye alijua hivyo vizuri kuliko wengi, maana siku kumi nyuma alikuwa amedanganya kwa mkono wake mwenyewe.

Udongo ule ulitoka kwenye bwawa la umeme linalojengwa mpakani, mahali ambapo ukivuka mto umeingia Uganda. Mitambo ilikuwa imetoboa ukingo kujua kama utabeba ukuta, na kilichotolewa ardhini kikaletwa Eldoret ndani ya masanduku arobaini ya mbao, marefu, membamba. Wenyeji wa pande zote mbili za mto walikuwa wakipiga kelele tangu mwaka jana kwamba ukingo huo umelaza wazee wao. Kampuni ikajibu kwamba imetafuta na haikuona kaburi hata moja. Serikali, kama kawaida yake ya kukaa katikati ya ugomvi ikijipepea, ikasema mwenye ushahidi aulete kwenye kikao cha Ijumaa, ukumbini mjini Eldoret.

Ushahidi Edinah alikuwa nao. Katika sanduku la saba, mita moja na nusu kwenda chini, alikuta kipande cha mfupa kama kidole gumba na ushanga mmoja wa buluu. Alimwita Injinia Kimeli, mwenye maabara, mtu wa kucheka hata msibani. Kimeli aliinama, akatazama kwa muda, akasema, "Andika mizizi." Edinah akaandika: udongo mweusi wenye mizizi. Mfupa na ushanga alivitia kwenye mkebe wa sampuli akaufungia kwenye kabati lake, kwa sababu kutupa alishindwa, na kusema pia alishindwa.

Alasiri hiyo ya Jumatano mvua ilipiga mabati mpaka mtu asisikie mwenzake. Ilipopungua, Edinah alisikia harufu ya tope la mto, lile la pembeni ambako majani huozea. Ilitoka stoo, kwenye rafu za masanduku. Alisimama mlangoni. Akasikia mwanamke mzee akikohoa kidogo, kisha akiuliza jambo kwa sauti nzito ya mtu aliyesinzia garini akaamka njiani.

Hakuna mwanamke mzee aliyefanya kazi pale.

Alitoka nje mbio bila mwavuli. Mzee Mabonga, dereva, alikuwa ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa, redio juu. Macho yake yalikuwa mekundu. Edinah akaingia akakaa kando yake.

"Mzee, kuna mtu ameongea kwa stoo."

Mabonga alizima redio. "Amesema nini?"

"Kibukusu sijui vizuri. Ni kama anauliza kama tumefika."

"Ulimjibu?"

"Hapana."

"Usimjibu. Hata kwa mchezo, Madam, usimjibu." Alipangusa uso kwa kofia. "Mimi ananiuliza siku kumi na mbili sasa. Kila nikisimamisha gari. Kwa petroli, ananiuliza. Kwa mlango yangu, ananiuliza. Nikisema ndiyo, atashuka hapo hapo akae, na hapo si kwake. Nikisema hapana, ananiambia basi twende."

"Alikujaje, Mzee?"

Kabla ya maabara, Mabonga alisema kama anayeona haya, aliendesha gari la kusafirisha maiti kwa miaka kumi na minane, Eldoret hadi Bungoma, hadi Busia. "Mtu wetu akikufa mbali, haumbebi kama gunia ya mahindi. Ukifika kwa daraja unapunguza mwendo, unamwambia, tunavuka mto, usibaki, twende nyumbani. Usipomwambia, anabaki ng'ambo. Sasa ile siku nimetoka kwa dam, na hayo masanduku huko nyuma, marefu hivyo, nikafika kwa daraja... mdomo yangu ikafunguka yenyewe. Nikasema. Hata nilijicheka. Nilijua nimebeba mawe."

"Haukuwa umebeba mawe," Edinah alisema, akamweleza habari za mkebe.

Mzee hakumfokea, na afadhali angefoka. Alisema tu, polepole, "Kwa hivyo nimemtoa mtu kwao, nikamwahidi nyumbani, na sijamfikisha mahali." Edinah aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake.

Alhamisi asubuhi, Kimeli alisikia manong'ono ya wafanyakazi akacheka sana. "Majini ni ya Mombasa," alisema. "Hapa baridi itawaua." Hata hivyo alimwita Mchungaji Shitanda, labda kwa utani, labda sivyo. Mchungaji aliingia stoo na Biblia, akaanza kukemea kwa sauti ya kusikika barabarani, kisha katikati ya sentensi akakatika. Alitoka akiwa amevua viatu, amevishika mkononi.

"Huyu si pepo wa kufukuza," alimwambia Edinah. "Huyu ni mgeni. Nyinyi ndio mmemleta, nyinyi ndio mtamrudisha." Chai aliyoandaliwa hakuigusa.

Mchana wake, Mabonga na Edinah walikuwa wakipeleka matofali ya saruji kwa mteja ng'ambo ya mji, na njia ikawafikisha kwenye daraja la mto Sosiani. Mzee alipunguza mwendo. Katikati ya daraja akasimama kabisa.

"Endesha, Mzee," Edinah alinong'ona.

"Siwezi. Nikivuka bila kumwambia, atabaki kwa hii mto na hajui mtu hapa. Nikimwambia, nampeleka mbali zaidi."

Nyuma magari yakaanza kupiga honi, boda boda wakapita wakitukana, na katikati ya kelele hizo zote Edinah alisikia pumzi ya mtu wa tatu ndani ya gari, pumzi fupi yenye ubaridi, karibu na shingo yake, na ile harufu ya tope ikajaa mpaka akaionja ulimini, na alipotazama chini aliona mkono wa Mabonga ulioshika gia umelowa, maji yakitiririka katikati ya vidole na kudondoka kwenye mkeka, na juu ya mkono huo ngozi ilikuwa imebonyea mahali pa vidole vingine vinne vilivyoushika kwa upole, namna bibi anavyomshika mjukuu asimpotee sokoni, na sauti ikauliza, bila hasira, kwa uchovu tu, na Mzee Mabonga akafungua mlango akaweka mguu chini, macho yake yakiwa kwenye maji yaliyo chini ya daraja, na Edinah akajua kwamba anakwenda kumsindikiza.

Alimkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili. "Mzee, kesho," alisema. "Kesho watu wake wako hapa mjini. Mwambie kesho. Nitamtoa mimi."

Mabonga alirudisha mguu ndani. Kisha akasema maneno machache kwa lugha yake, akafunga mlango, akarudisha gari kinyumenyume mpaka mwanzo wa daraja, honi zikimzomea njia nzima.

Jioni Edinah alipofungua kabati kuchukua mkebe, Kimeli alikuwa amesimama nyuma yake. Hakucheka.

"Ukipeleka hiyo kitu pale, hii maabara imekwisha. Watu kumi na wawili watarudi nyumbani. Na wewe hakuna mahali utaandikwa tena."

"Mzee Mabonga atakufa, Injinia."

"Mabonga ni uzee. Mpeleke hospitali."

Edinah alikuwa na watoto wawili na mume asiye na kazi ya kudumu. Alilala na mkebe chini ya kitanda, akiuogopa, akiuogopa zaidi uso wa Kimeli, na kulipokucha akaupeleka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wataalamu wa kampuni walionyesha ramani zenye rangi nzuri. Zamu ya wananchi ilipofika, Edinah alisimama.

"Naitwa Edinah Musimbi. Kwa ripoti ya udongo, mimi ndiye niliandika mizizi. Haikuwa mizizi."

Minong'ono ikazuka kila upande. Mzee mmoja mwenye koti kuukuu la kijivu alikuja mbele akitembea kwa fimbo. Alikuwa Mzee Khisa, msemaji wa familia za ukingoni. Alifungua mkebe, akauona ushanga, akaketi palepale sakafuni.

"Huyu ni kukhu," alisema. "Bibi yetu, mama ya baba. Tulimzika na shanga hizi mkononi." Kisha, mbele ya maafisa, wanahabari na polisi wawili, aliuongelesha mkebe kana kwamba ukumbini hamna mtu mwingine. "Kukhu, ni sisi. Pole kwa safari. Umefika kwa watu wako."

Harufu ya tope ilipita kati ya viti, ikatoka mlangoni, ikaisha. Hata polisi waligeuka kutazama. Kikao kikavunjwa, ikaamriwa kazi ya ukingo isimame kwanza. Kimeli, aliyekuwa ameketi viti vya nyuma, alikuwa ameshaondoka.

Ndani ya pikapu Mabonga alizima injini makusudi, akasubiri. Kimya. Akaiwasha, akaizima tena. Kimya. Alicheka mpaka machozi, na Edinah, ambaye alijua hana kazi tena, akacheka naye kwa furaha ya kweli.

Walirudi maabara ili Edinah achukue vitu vyake. Jua la saa tisa lilikuwa linawaka uani. Mabonga alisimamisha gari mbele ya stoo.

Ndipo kikasikika kikohozi. Hakikuwa cha mzee. Kilikuwa cha mtoto.

Mabonga ndiye aliyeelewa kwanza. "Ni adabu," alisema kwa sauti ndogo sana. "Kwetu mkubwa akiwa na neno, wadogo wananyamaza. Kukhu ndiye alikuwa mkubwa. Hawa walikuwa wanamngoja amalize. Sasa kila mtu ana ruhusa."

Ukingo ulitobolewa mara nyingi, na Mabonga alisema maneno yale darajani juu ya mzigo mzima. Sasa, kutoka rafu ya chini, mtoto aliuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha hapahapa Eldoret alichokuwa amekisikiliza siku zote hizo akiwa kimya, "Tumefika?" Mwanamume akauliza baada yake, kisha mwanamke anayebembeleza kichanga, kisha vijana wawili kwa pamoja, na maswali yakapanda rafu kwa rafu mpaka juu, kila mmoja akingoja aliyemtangulia amalize.

Edinah hakuona Kimeli akija. Alitokea ofisini kwa hatua za haraka, tai imelegezwa, uso umevimba kwa hasira. Alisikia sauti za watu stoo akadhani ni wenyeji wa ukingoni, waliomfuata mpaka kwake kuja kumzomea. Mabonga alishusha kioo akapunga mikono. Edinah alifungua mlango wa pikapu kumkimbilia.

Kimeli alisukuma mlango wa stoo kwa teke.

"Ndiyo, mmefika," alisema. "Sasa mnataka nini?"

Ndani pakanyamaza. Kisha vifuniko vya masanduku vikaanza kufunguka, kimoja baada ya kingine, bila haraka.