Tope Jekundu la Kinu cha Ratemo

Maiti ya Andrew Ratemo ilikuwa imelala kifudifudi kizingitini, mkono mmoja nje na mwili ndani, na nyuma yake gurudumu la maji lilikuwa bado linazunguka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka 1974. Pipa lake la mawe lilinguruma kana kwamba mwenyewe ametoka mara moja tu kwenda kuchuma mboga.

"Zima hiyo kitu," alisema Inspekta Abner Ombati.

Sajini Onchiri alitafuta mahali pa kuizima, asipaone. Mashine ya maji haina swichi. Mwishowe akatoka nje, akaangusha ubao katika mfereji, maji yakachepuka, na gurudumu likasimama polepole. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko ile kelele. Sasa ndipo ilipobainika kwamba mahali pale palikuwa pa upweke mtupu: mto, migomba michache, na mtu mmoja aliyekufa bila wa kumfumba macho.

Aliyemwona kwanza ni Loice, mama wa ng'ambo ya mto, alipokuja kuchota maji.

"Hukusikia mtu akiita, mama?"

"Nisikie nini, baba? Pipa hilo linanguruma usiku na mchana. Hata mtoto akilia kwangu simsikii vizuri."

"Na jana hukupita hapa?"

"Jana ilikuwa Sabato. Nani aje kwa Ratemo siku ya Sabato? Hata siku za kazi hawaji."

Kinu hicho kilikuwa bondeni chini ya Nyansiongo, kimejengwa na Mzungu aliyekuwa na shamba hapo kabla ya Uhuru. Ratemo alikuwa msimamizi wake. Mzungu huyo alikuwa na kichaa cha mawe: kuyaokota, kuyakata, kuyang'arisha. Alipofunga virago, mashamba yakagawiwa wananchi, na Ratemo akapata kipande chenye kinu. Akasagia watu mahindi miaka kadhaa, mpaka kisiagi cha dizeli kilipofunguliwa sokoni. Wateja wakahama. Mke wake akafariki. Basi Ratemo akayang'oa mawe ya kusagia, akayaegemeza ukutani, na mahali pake akaweka pipa.

Inspekta alilitazama pipa hilo kwa makini. Lilikuwa debe la rangi lililovishwa ndani mpira wa tyubu ya lori, limelala juu ya mabomba mawili, likizungushwa na mkanda wa ngozi kutoka kwenye gurudumu. Ndani mlikuwa na mawe mekundu, maji na unga mkali wa msasa. Mawe husuguana humo wiki nzima. Kisha huoshwa, hutiwa unga laini zaidi, hurudishwa tena, na tena. Rafuni kulikuwa na akiki, vito vya mawe kama hayo, zilizokwisha kazi, zimepangwa kwenye vibati vya mafuta ya kupikia. Ziling'aa kweli. Haijulikani aliziwekea nani.

Inspekta alifuta vumbi la mezani kwa kidole gumba, kisha bila kufikiri akafuta kioo cha saa yake. Kioo kikapata mkwaruzo mrefu.

"Mungu wangu! Saa ya Nairobi hii."

"Pole, afande," alisema Onchiri, akiangalia pembeni ili asicheke.

Ukingoni mwa jiwe moja la kusagia lililoegemezwa ukutani kulikuwa na damu iliyokauka na unywele mweupe. Kutoka hapo hadi mlangoni sakafu ilikuwa na alama ya mtu aliyejikokota. Marehemu alikuwa amefunga aproni ya turubai. Inspekta aliifungua. Chini yake kulikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu vilikuwa vimepakwa rangi.

Daktari wa serikali alitoa jibu lake jioni ile.

"Fuvu limepata ufa na paja limevunjika. Aliangukia jiwe kinyumenyume, kwa nguvu. Amesukumwa."

"Alikufa saa ile ile?"

"Hapana. Aliishi mpaka karibu na mapambazuko ya Jumamosi. Alivuja damu polepole."

"Angepona?"

"Kama angekuwapo wa kumsikia, angepona."

Mshukiwa hakutafutwa mbali. Joash Nyasani, mzee wa kanisa la Wasabato, alikuwa amesimama mbele ya waumini na kuapa kwamba gurudumu lile lizungukalo siku ya Sabato atalivunja kwa mkono wake. Kanisa lilikuwa limekwisha kumwondoa Ratemo katika ushirika. Ratemo alijitetea kwamba siku ya Sabato yeye hagusi kitu. Maji ndiyo yanayofanya kazi, na maji hayajabatizwa. Watu walicheka, Joash akazidi kukasirika. Isitoshe, Ijumaa jioni alionekana akishuka bondeni na shoka begani.

Mkuu wa polisi alifurahi. Jumatatu asubuhi alipiga simu kutoka Kisii: kesho Joash afikishwe mahakamani kwa kosa la kuua. Kila mtu alijua adhabu ya kosa hilo ni kitanzi.

Inspekta Ombati aliingia selo na kuketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Ulikwenda kinuni na shoka, mzee Joash?"

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Kulivunja gurudumu. Siwezi kusema uongo."

"Ukalivunja?"

"Yaya, hapana! Sikufika. Nilipofika kwenye mteremko, jua likatua."

"Jua likatua. Kwa hiyo?"

Joash alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa akili. "Kwa hiyo Sabato ikaingia. Siku ya Sabato sikati kuni. Nitakataje gurudumu? Nikarudi nyumbani na shoka langu."

Onchiri, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. Mkuu wa Kisii angecheka waziwazi. Yeye alikuwa mtu wa pwani, asiyewajua Wasabato. Lakini mama yake Ombati alikuwa Msabato wa Nyamache, na siku moja aliacha ng'ombe nusu ya kukamuliwa kwa sababu jua lilizama. Inspekta aliamini. Alisikia huruma kwa mzee huyu ambaye utetezi wake wa kweli ungekuwa kichekesho mahakamani.

"Ulipokuwa unarudi uliona nini?"

"Hakuna. Nilipita kwa mjane, Tryphosa Mokeira, pale juu ya kinu. Taa inawaka, mlango wazi kabisa. Nikashangaa kidogo."

"Kwa nini?"

"Yule mama hufungua Sabato peke yake. Jua likitua tu anaanza wimbo, tunamsikia mpaka barabarani. Sauti moja, mtu hana wa kumwitikia. Ijumaa hiyo hakuimba."

Ombati alitoka nje. Mtu aliyetengwa na kanisa anavaa shati la Sabato kwa ajili ya nani? Kwa mwenyeji anayemngoja. Na mama asiyeanza wimbo jua likitua anangoja nini? Wa kumwitikia.

Alirudi bondeni na Onchiri. Nyuma ya kinu palikuwa na lundo la tope, uchafu ambao Ratemo alimwaga kila alipofungua pipa. Chini lilikuwa jeupe. Juu lilikuwa jekundu, bado bichi, na katikati palichotwa kwa karai. Loice alikuwa ng'ambo akifua nguo.

"Mama, tope hili jekundu lilimwagwa lini?"

"Ijumaa asubuhi! Mpaka maji yakabadilika rangi, na mimi nina shuka jeupe mkononi. Nilimgombeza kweli. Kabla ya hapo lilikuwa jeupe siku zote."

"Nani alilichota?"

"Sikuona. Watu hawachukui kitu kwa Ratemo."

Walipanda mteremko. Nyumba ya Tryphosa Mokeira ilikuwa ya nyasi, ndogo, safi, na kuta zake zilikuwa zimekandikwa upya kwa rangi nyekundu ya kupendeza. Mwenyewe alikaa nje akipepeta wimbi. Binti yake wa pekee aliolewa Kericho. Marehemu mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya boma, na kuku watatu ndio waliokuwa familia iliyobaki.

"Bwakire buya, mong'ina," Ombati alimwamkia mama kwa Ekegusii, lugha ya kwao.

"Buya mono, baba. Karibuni viti." Vilikuwapo viti viwili.

"Nyumba imependeza. Umekandika lini?"

"Kabla ya Sabato."

"Kwa udongo gani?"

"Wa mtoni."

"Kinuni kwa Ratemo ulifika lini mara ya mwisho?"

"Zamani. Tangu alipoondoa mawe ya kusagia. Niende kufanya nini?"

Inspekta aliinuka, akasugua ukuta kwa kidole gumba, kisha akakipitisha juu ya kioo cha saa. Mkwaruzo wa pili ukakaa kando ya ule wa kwanza. Safari hii hakulalamika.

"Udongo wa mtoni haukwaruzi kioo, mama. Huu una unga wa msasa wa Ratemo. Na tope jekundu alilimwaga Ijumaa asubuhi, si kabla."

Tryphosa aliendelea kupepeta.

"Jumamosi wewe hukandiki nyumba. Kwa hiyo Ijumaa hiyo hiyo ulishuka, ukachota, ukapaka. Kwa nini unasema hukufika?"

"Labda nimesahau, bwana inspekta. Mimi ni mzee."

"Watu hukandika wakitarajia mgeni. Mgeni wako alikuwa nani?"

Kuku mmoja alikuja kudonoa wimbi, mama hakumfukuza.

"Joash Nyasani yuko selo," alisema Ombati taratibu. "Kesho anapelekwa Kisii kwa kosa la kuua. Wakimpata na hatia watamnyonga. Utetezi wake ni kwamba jua lilitua. Unafikiri jaji ataelewa?"

Ungo ulisimama.

"Joash hakufanya kitu," alisema Tryphosa.

"Unajuaje?"

"Najua."

"Una haki ya kunyamaza, mama. Lakini ukinyamaza wewe, yeye ndiye atakayekufa."

Tangu zile salamu walikuwa wakizungumza Kiswahili, lugha ya kesi na ya serikali. Sasa mama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso, akahamia Ekegusii, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa.

"Mimi nilikuwa mteja wake wa mwisho, mwanangu. Watu wote walihamia dizeli. Mimi nilishuka na debe langu, mawe yakisaga tunazungumza. Mkewe, mume wangu, mvua, bei ya pareto. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki yangu. Siku moja nimefika, akaniambia hasagi tena. Ameweka pipa."

"Ukakasirika?"

"Nilirudi na mahindi yangu. Nikawa nashuka kumsalimia tu. Ananionyesha mawe. Anaegemeza sikio kwenye pipa, anasema likisaga vizuri lina sauti yake. Mimi nikizungumza ananyoosha kidole, ninyamaze. Nikamwambia, baba, kanisa limekutupa, mimi sikukutupa. Njoo kwangu Ijumaa tufungue Sabato wawili. Akakubali. Hakuja. Ijumaa iliyofuata, hakuja. Kila mara ni pipa."

"Na Ijumaa hii?"

"Asubuhi nilimkuta anamwaga tope. Nikalisifu rangi. Akaniambia chukua, ukandike, leo nakuja kuiona nyumba. Aliapa. Nikakandika mchana kutwa. Nikapika kuku. Nilikuwa na wanne."

Onchiri, aliyekuwa akiandika, aliinamisha kichwa.

"Jua likatua, hayupo. Sikuweza kuanza wimbo. Nikashuka. Nikamkuta amevaa vizuri kabisa, na juu amefunga ile aproni, ameinama, sikio kwenye pipa. Nikamwita. Akasema bila kugeuka, 'Nakuja, ngoja kidogo.'"

"Ukamsukuma."

"Nilimvuta mkono aje. Akauchomoa. Ndiyo, nikamsukuma, kwa mikono yote miwili. Akaangukia jiwe. Lile jiwe lililokuwa linanisagia."

"Ulijua ameumia?"

"Nilijua. Alishika paja, akaniita. 'Tryphosa, nisaidie.' Hakuwahi kuniita kwa jina." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakujishughulisha kuyafuta. "Nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, 'Nakuja, ngoja kidogo.' Nikapanda nyumbani."

"Ukamwacha hapo?" aliuliza Inspekta.

"Nilitaka angoje usiku mmoja, basi. Nilikaa mezani na sahani mbili. Nikasema kukikucha nitashuka na maji ya moto. Kulipokucha nilishuka nusu ya njia, nikaona mkono mlangoni, nikarudi juu."

"Angeweza kupona, mama."

"Umesema kweli?"

"Daktari amesema."

Tryphosa aliutazama ukuta wake mwekundu.

"Sikujua kungoja kunaua," alisema. "Mimi nimengoja miaka yote hii, na bado niko hai."

Ombati alimtuma Onchiri akapige simu Joash aachiliwe. Kisha, kabla ya kumpeleka mama kituoni, akamsaidia kuwaingiza kuku ndani, na kufunga mlango.